Laptopu ya Nyumba ya Robi

Robi hanunui kitu kabla hajakiona kikiinuka. Hiyo ni tabia ya mtu aliyekulia na ng'ombe, na ameileta mpaka soko la Migori, ambako yeye huuza mahindi, wimbi na maharagwe, na mimi Marcella huuza omena, wale dagaa wa ziwani, meza zetu zikiwa zimegusana. Anasema ng'ombe mgonjwa anaweza kukudanganya akiwa amesimama, na hata akitembea atajikaza. Lakini mlaze chini, umwache kidogo, halafu umwinue, hapo utajua kama unanunua ng'ombe au unanunua nyama. Aliponunua mizani yake mpya aliitundikia jiwe, akalitoa, akatazama mshale unavyorudi, akarudia na kurudia mpaka muuzaji akamsihi aende zake asinunue. Akanunua, na bei ikashuka.

Mimi ni Mjaluo wa Mfangano, yeye ni Mkuria, na kati yetu kuna Kiswahili, Kiswahili chetu cha sokoni ambacho mwalimu akikisikia ataomba likizo. Kinatutosha. Tumezikiana waume kwa Kiswahili hicho, tumeuguziana watoto, tumegombana na kupatana. Kwa hiyo nikimsema Robi ujue nina haki ya kumsema, na ukimsema wewe tutakosana.

Kabla sijafika kwenye laptopu lazima nieleze Bhoke ni nani, maana kila mteja huuliza, nami sina subira ya kueleza mara mbili. Robi alijaliwa binti mmoja tu, hakupata mtoto wa kiume. Kwa Wakuria nyumba ya namna hiyo haiachwi izimike hivi hivi. Binti akiolewa, mama anaweza kuchukua ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake akaoa msichana. Msichana huyo huingia nyumbani kama mke wa mwana ambaye hakuzaliwa, na watoto atakaowazaa, baba yao awe nani, huwa wa nyumba ile. Wanaiita nyumba ntobo. Msichana mwenyewe huitwa mokamona, yaani mkaza mwana, na yeye humwita yule mwanamke mama.

Hivyo ndivyo Bhoke alivyokuja kwa Robi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri, baba yake hana karo, na ng'ombe wa Robi wapo. Amemzalia Robi wajukuu wawili, Mniko na Bonface. Watu wa nje wakisikia mambo haya hucheka, au hukunja uso. Wacheke. Mimi nimekula keki kwenye harusi za kanisani ambazo hazikupata nusu ya heshima niliyoiona kati ya wale wawili.

Sisemi kwamba maisha yao yalikuwa asali. Bhoke alifanya kazi. Magunia ya Robi hayakushuka kwenye lori kwa maombi, aliyashusha Bhoke, na akayapanga, na jioni akayafunika turubai. Baada ya kumzaa Bonface mgongo wake ukaanza kumkataa. Daktari akamwambia asibebe kitu kizito tena maishani. Robi alisikia. Yeye anajua ni magunia ya nani.

Kisha siku moja, akiwa anapepeta maharagwe, akamwambia Bhoke, "Mgongo umekataa gunia. Basi kichwa kibebe. Tafuta chuo."

Bhoke alituma maombi ya uuguzi na akapata nafasi Homa Bay. Soko zima lilifurahi, isipokuwa Masese. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wa Robi. Hununua dhahabu kwa wachimbaji kule Masara, na huja sokoni na viatu vinavyong'aa kana kwamba Masara hakuna vumbi. Kama si Bhoke na wanawe, nyumba ya Robi ingezimika na shamba lingekuwa lake. Alisimama mbele ya meza yetu, akachota punje za mahindi, akazitafuna mbichi.

"Shemeji," akasema, "mkaza mwana ukimpeleka chuo ni kama ng'ombe umemfungulia kamba mpakani. Akivuka, utamdai nani?"

"Wewe kula mahindi unalipa?" Robi akamjibu.

Watu wakacheka, Masese akaenda zake. Lakini mteja aliyefuata alipimiwa gorogoro iliyofurika mpaka ikamwagika, na Robi hakuona. Tangu nimjue, kipimo cha Robi hakijawahi kumwagika.

Barua ya chuo ilitaka kila mwanafunzi awe na laptopu. Tukaenda kwa Elkanah, kijana wetu wa Mfangano mwenye duka nyuma ya stendi. Nasema kijana, ana watoto watatu, ila mimi nilimjua akiwa anakimbia uchi ufukweni na haniwezi kwa lolote. Nilimwonya mapema: hawa ni watu wangu, usiwauzie bati.

Elkanah alianza na laptopu moja kubwa, nyeusi, iliyotumika ofisini ng'ambo. Robi akaipenda hapo hapo. Aliiinua kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ndio laptopu sasa. Hii hata mwizi akibeba atachoka njiani."

Bhoke hakubisha. Bhoke si mtu wa kubisha. Aliichukua, akaiweka kwenye begi lake, akatia na chaja, tofali hasa, akalitundika begani, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Aliporudi mkono wake mmoja ulikuwa kiunoni, kwa nyuma, na hakujua kama uko pale. Robi aliuona.

"Kuna nyingine?" Robi akauliza.

Zilikuwapo. Elkanah akatoa za kati, akatoa nyembamba, na mwisho akaleta moja ya rangi ya kijivu, nyembamba kama sinia la chai. Robi aliipokea kwa nguvu ile ile aliyotumia kuinua ile nyeusi, na mikono yake ikapaa karibu impige kidevu.

"Hii mbona nyepesi hivi? Wameweka kitu ndani kweli?"

"Wameweka, Mama. Zile za zamani ndani kuna diski inazunguka, kuna feni, kuna betri kama kiatu. Hii haina kitu cha kuzunguka. Haina hata matundu ya kuingiza vumbi. Ukichaji asubuhi, inakupeleka mpaka jioni."

"Izime."

Elkanah akaizima.

"Sasa iwashe."

Nikajua tumeingia sokoni kwa ng'ombe. Robi aliwafanya wote walale na kuinuka, mmoja mmoja, akisikiliza na kutazama, mikono nyuma. Ile nyeusi iliinuka kwa kukohoa. Feni ikalia, taa ikapepesa, ikatuonyesha duara linalozunguka mpaka mimi nikamaliza soda yangu. Ile ya kijivu ilifungua macho kabla Elkanah hajaondoa kidole. Robi akaomba tena, na tena. Kisha akaiinamisha, akaigonga kwa ukucha, akainusa. Kwa nini aliinusa sijui, na Elkanah alikuwa na adabu ya kutouliza.

Halafu akasimama ameshika zote mbili, nyeusi mkono huu na kijivu mkono huu. Elkanah alidhani anapiga hesabu ya bei. Mimi nilimjua. Ile nzito ingekaa nyumbani, juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na Bhoke angeifuata pale ilipo. Ile nyepesi ingekwenda. Kitu chepesi hakimngoji mtu. Nilitamani kusema jambo, na mimi si mtu wa kutamani kusema nikaacha, lakini siku hiyo niliacha.

Robi akamkabidhi Bhoke ile ya kijivu. "Chukua hii. Mgongo wa kubeba ni wako, sio wangu."

Alilipa, na bei sitaitaja kwa sababu Robi angeninunia mwaka mzima.

Elkanah akasema laptopu mpya ni vizuri ifunguliwe na mwenyewe, akamketisha Bhoke, sisi wawili tukavuta viti nyuma yake. Ikauliza iko nchi gani. Ikauliza itumie lugha gani, na Bhoke akashusha orodha polepole ili tuone. Kiswahili kilikuwamo, tukafurahi. Kikuria hakikuwamo. Kijaluo hakikuwamo.

"Kumbe haitujui sisi wote," nikasema, na Bhoke akacheka, akachagua Kiingereza kwa sababu ya masomo.

Ikauliza jina la atakayeitumia. Bhoke akaandika Bhoke.

"Hakuna mahali pa jina la nyumba?" Robi akauliza.

"Moja inatosha, Mama," Elkanah akasema. Kisha akageuka akatazama ukuta, kama wanavyofanya hawa watu wa pesa za simu. "Sasa weka nywila. Usimwambie mtu yeyote. Hata mimi. Hata mama yako hapa."

Alikuwa anatania. Robi hakucheka.

Mwisho ikataka kumwona uso, ili siku nyingine ikimwona tu ifunguke. Bhoke akakaa wima, jicho dogo juu ya kioo likamtazama, akaambiwa ageuze kichwa huku na huku. Nilipogeuka nikaona Robi amejipangusa uso kwa leso, ameweka kilemba vizuri, ameketi ukingoni mwa kiti akingoja zamu yake.

"Hapana, Mama," Elkanah akasema taratibu. "Ni uso mmoja kwa jina moja."

"Sikuwa nataka," Robi akasema, akatoka nje akidai ndani kuna joto.

Ile mashine ikaanza kupakua mambo yake na kutuandikia tusiizime. Ilichukua mchana wote. Elkanah akaomba radhi, na Robi, aliyekuwa amesimama mlangoni ametupa mgongo, akasema hakuna neno, ng'ombe anayezaa haharakishwi. Hayo ndiyo maneno yake pekee mpaka jioni.

Sasa sikiliza alichofanya.

Nyumba ya Robi ina alama yake, nusu duara na mstari unaokatiza katikati. Iko kwenye mapaja ya ng'ombe wake, kama ilivyo desturi. Lakini Robi hajui mahali pa kukomea. Iko kwenye mitungi ya maji, iko kwenye beseni, iko kwenye viti vya plastiki na hata kwenye ndoo anayoogeshea wajukuu. Ana ufito wa chuma aliokunjiwa na fundi, huutia kwenye moto wa chai ya asubuhi ukawa mwekundu, akaugandamiza kwenye kitu kipya, moshi ukatoka, basi, kitu kimekuwa cha nyumba. Mtungi wa Robi ukiibwa Migori, hata mwizi anajua ni wa Robi.

Asubuhi iliyofuata, Bhoke akiwa anawaogesha watoto, Robi alichemsha chai, akautia ufito motoni, akaitia laptopu alama. Kwake yeye plastiki ni plastiki. Hakujua kwamba kwenye vitu hivi vyembamba kifuniko na kioo vimelala mgongo kwa mgongo. Chuma kilizama.

Nilikuwa ndio natandaza omena nilipowaona wanakuja. Bhoke alitangulia, na Bhoke hutembea nyuma ya Robi siku zote. Aliiweka laptopu kwenye meza yangu akaifungua. Uso wake ikautambua, ikafunguka vizuri. Ila katikati ya kioo palikuwa na doa jeusi kubwa, na kutoka hapo mistari ya kijani na ya zambarau imekwenda juu na chini. Juu ya kifuniko palikuwa na ile nusu duara na mstari wake, imekaa sawasawa, kazi safi kabisa.

"Nilitaka isiibiwe," Robi akasema akinitazama mimi. "Nilitaka isiibiwe huko Homa Bay."

"Mama," Bhoke akasema. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. "Ng'ombe ndio wanawekwa alama. Wanawekwa sababu watapotea, ama wataenda kwa mwenyewe mwingine. Wewe uliogopa laptopu ipotee, ama uliogopa mimi?"

Robi akapitisha kidole juu ya ile alama.

"Nimezaa watoto kwako. Nimebeba magunia mpaka mgongo umeisha. Kama hiyo sio alama, basi unataka unichome wapi?"

Akafunga laptopu, akaenda kumsubiri Elkanah afungue duka. Wanawake wa mstari mzima walikuwa wameacha kupima. Kufikia saa nne Migori yote ilikuwa na hukumu yake: Robi ameichoma makusudi, ili Bhoke asiende. Mwuza nyanya mmoja alikuja kunieleza hayo kwa sauti ya huruma, nikamwuliza kama nyanya zake nusu bovu pia alizichoma makusudi. Masese akapita, akatazama, akatabasamu, na huyo nilimtusi kwa Kijaluo ili Kiswahili kisichafuke.

Elkanah alisema kioo kinaweza kubadilishwa pamoja na kifuniko, lakini lazima kiagizwe Nairobi. Akasema pia tumshukuru Mungu kwamba Robi alichoma juu na si chini, kwa maana chini kuna betri, na tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Chuo hakingoji kioo. Bhoke akaripoti Homa Bay bila laptopu, na daftari la kawaida mkononi. Aliwabusu watoto. Robi alimpa mkono wa kwaheri akaupokea.

Siku ile alipoondoka Robi hakufungua meza. Nilimfuata nyuma ya ghala, nikamkuta ameketi juu ya gunia tupu.

"Marcella," akasema, "wanasema nilifanya makusudi."

"Nawe unawasikiliza wauza nyanya?"

"Sikujua kioo kiko hapo. Naapa. Lakini nataka nikuambie kitu, na usiniangalie." Nikatazama ukuta. "Alipoifungua nikaona imeharibika, kabla sijaona uchungu, kuna kitu ndani yangu kilipumua. Kilisema, sasa hataenda. Kilikuwa kitu kidogo. Lakini ni ndani yangu mimi kilikuwa."

 Nilimpenda sana wakati ule, na nilimkasirikia pia, vyote kwa pamoja. Mimi niliolewa na nikaozesha watoto kwa ng'ombe kama kila mtu wa kwetu, na ninajua jinsi mtu anavyoweza kusahau kwamba kamba ina ncha mbili na upande wa pili kuna shingo. Nikaketi naye mpaka alipotaka kuinuka.

Kioo kilipofika, Elkanah akafunga kioo kipya na kifuniko kipya, laini, kisicho na alama ya mtu. Kile kilichoungua nilikichukua mimi nifunikie beseni la omena, kwa sababu sipendi kitu kitupwe. Elkanah alitaka kumtumia Bhoke laptopu kwa gari la mizigo. Robi akakataa. Akavaa viatu vyake vya kanisani, akaifunga laptopu ndani ya leso mbili, akaniambia nifunge meza, tunakwenda Homa Bay.

Homa Bay ni upande wangu, ziwa liko pale pale, nami nikiliona moyo hukaa mahali pake. Robi hakuliona. Tulifika getini mwa chuo upepo ukivuma kutoka majini, askari akatuuliza sisi ni nani kwa huyo mwanafunzi tuliyemfuata. Mimi nikafungua mdomo, lakini Robi akatangulia.

"Mimi ni mtu wa kwao," akasema.

Bhoke alitoka amevaa sare, kofia mkononi, amekonda kidogo. Alinisalimia mimi kwa furaha, akamsalimia Robi kwa heshima, na tofauti ilionekana hata kwa askari. Robi akafungua leso ya kwanza, akafungua ya pili, akampa laptopu. Bhoke akaigeuza, akapitisha kiganja juu ya kifuniko.

"Haina kitu," Robi akasema. "Na ile ingine pia haina."

"Ile ingine gani, Mama?"

Robi alikuwa amejiandaa, nilimwona midomo ikicheza tangu asubuhi, lakini yaliyotoka yalitoka vipande vipande. "Ng'ombe. Wale walienda kwa baba yako. Ukitaka kukaa huku. Ukipata kazi huku, ama mtu, ukitaka maisha yako. Siwadai. Sitamtuma Masese wala mzee yeyote kwa baba yako. Nimesema mbele ya Marcella ili nisije nikasema sikusema. Watoto ni wako pia. Tutaongea habari ya watoto kama watu."

Asiyejua uzito wa maneno hayo hajakaa na Wakuria. Mke akiondoka, ng'ombe hurudi, na baba aliyekwisha kuwala humrudisha binti yake badala ya kurudisha ng'ombe. Ile ndiyo kamba yenyewe. Robi alikuwa ameifungua pale getini, mbele ya askari anayekula njugu, na nyuma yake hakubakiza kitu cha kumshikia Bhoke hata kidogo.

Kengele ikalia ndani. Bhoke alitazama laptopu, akamtazama Robi, akafungua mdomo. Mwenzake akamwita, wanachelewa wodini.

"Asante, Mama," akasema, akaenda mbio.

Ni hayo tu. Robi alisimama akitazama njia hata baada ya Bhoke kuingia. "Amesema asante," akaniambia. Nikamwambia nimesikia. Njiani kurudi nilikaa na hasira zangu, kwa sababu nilitaka yule msichana aseme neno moja zaidi.

Muhula ukapita. Bhoke alipiga simu kwa watoto, akauliza shule, akauliza kikohozi cha Bonface, na kwa Robi alikuwa na adabu. Mambo ya getini hakuyagusa. Robi naye hakuyagusa, wala hakumwuliza atarudi lini. Mtu akiwa amesema hadai, hata swali la utakuja lini linaweza kusikika kama deni. Alipungua mwili. Aliuza mahindi bila kubishana bei, na wateja wakaogopa wakadhani anaumwa.

Chuo kikafungwa Ijumaa. Tuliona wanafunzi wakishuka stendi na masanduku yao. Bhoke hakushuka. Jumamosi hakuja, na simu yake haikupatikana. Jumapili Robi alikwenda kanisani akarudi kabla ya mahubiri. Jumatatu akafungua meza kama kawaida, akaniambia bila kuulizwa, "Ni haki yake."

Masese alikuja siku hiyo, bila shaka. Habari za watu zina miguu Migori. Akachota mahindi akaanza kutafuna.

"Nilikuambia, shemeji. Kamba ulifungua mwenyewe."

"Nilifungua mwenyewe," Robi akasema. Hakumfukuza. Hapo ndipo niliogopa kwa kweli, kwa kuona hana hata nguvu ya kumfukuza Masese.

Mwanaume yule alikuwa bado anatafuna Bhoke alipotokea nyuma yake. Vumbi mpaka nyusi, begi mgongoni, mikanda yote miwili imekaa mabegani vizuri. Walikuwa wamebakizwa wodini kwa zamu, na simu yake ilikuwa imeanguka kwenye ndoo ya kudekia, hayo tulikuja kuyajua baadaye. Wakati ule hakueleza kitu. Hakusalimia. Alitazama magunia.

"Nani amepanga maharagwe hapa chini ya tundu la paa? Mvua ikinyesha mtauza githeri? Na Mniko ako wapi? Nimepita nyumbani nimepata viatu vya shule mlangoni, na leo ni Jumatatu. Ameenda shule miguu mitupu?"

"Ziko mbili," Robi akasema kwa sauti ndogo. "Zingine amevaa."

"Na huyu analipia hiyo mahindi?"

Masese akatema punje, akasema alikuwa anapita tu, akapita.

Robi alikuwa amesimama. Mtu mzima yule, anayelaza ng'ombe na kuwainua, alikuwa ameshikilia ukingo wa meza.

"Umekuja kuchukua watoto?" akauliza.

Bhoke akamtazama kana kwamba amesikia upuzi. "Niwachukue niwapeleke wapi?" Akavua begi, akaliweka mezani kwangu, juu ya omena yangu, na nikanyamaza. "Mama. Pale getini ulisema hunidai."

"Nilisema."

"Ulisema mbele ya Marcella."

"Nilisema."

"Basi ile siku nilikuja kwako mara ya kwanza, nililetwa. Leo hakuna mtu amenileta. Nimekuja nyumbani."

Kisha akapandisha mikono ya sweta na kuuliza ni nani atakayeyahamisha yale magunia, kwa sababu yeye haruhusiwi kubeba.

Robi aliketi chini pale pale, kwenye vumbi, akalia kwa sauti kama mtoto, na Bhoke akachuchumaa mbele yake, akampangusa uso kwa kilemba chake mwenyewe. Mimi nilijipangusa macho kwa mikono yenye omena, yakawasha, nikazidi kulia. Mteja mmoja akaja akauliza kama hii omena ni ya leo au ya jana. Nikamwambia aende akanunue kwa wengine.